Mama anasema ni uzee tu, mimi ninaona mbwa wetu anaumwa

Katika safu hii daktari wa mifugo mstaafu huwajibu wasomaji wenye mashaka kuhusu wanyama wao. Majina ya waandishi wa barua hayachapishwi.

BARUA

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Marangu, na ninafanya kazi Dar es Salaam. Ninakuandikia kuhusu mbwa, na naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kila niliyemweleza jambo hili alianza kwa kuniuliza kama sina matatizo mengine.

Duma ni mbwa jike ambaye marehemu baba alimleta nyumbani akiwa mdogo wa kubebwa mkononi, mwaka ule alipostaafu ualimu. Sasa ana miaka 13. Baba alipofariki, watoto sote tulirudi makazini kwetu na Duma ndiye aliyebaki na mama. Mpaka leo mama humwita "mbwa wa Mzee", na jioni akishafunga mbuzi hukaa kibarazani akimsimulia habari za siku nzima kwa Kichaga, kama baba alivyokuwa akifanya.

Nilipokwenda nyumbani wakati wa Pasaka nilimkuta amebadilika sana. Amekonda kiasi kwamba ukimpitishia mkono mgongoni unazihesabu pingili moja moja, lakini tumbo lake linaning'inia. Anakunywa maji mengi mno. Mama humwekea kwenye sufuria kuukuu karibu na jiko, na nilipokuwa pale niliijaza asubuhi, kabla ya saa sita mchana ikawa tupu. Usiku anajikojolea akiwa amelala juu ya gunia lake, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mtoto. Ugali anaunusa na kuuacha, ila akipewa kipande cha nyama hukipokea na kukitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, na mdomo wenyewe unanuka. Macho yameingia ukungu wa buluu. Kwenye titi la nyuma, upande wa kushoto, nilipapasa uvimbe mgumu unaolingana na ndimu. Mama anasema mwaka jana ulikuwa mdogo kama harage. Mgeni akiingia, Duma hainuki tena, huinua kichwa tu na kupigapiga mkia chini.

Hajawahi kufungwa kizazi. Mama anakumbuka kwamba mara ya mwisho alipata joto ilikuwa mwishoni mwa Februari, maana madume ya kijiji yalijaa uani.

Mama anasema huo ni uzee tu na kwamba yeye mwenyewe hainuki kitandani kama zamani. Asubuhi Duma akishindwa kusimama, mama huponda kidonge cha diklofenaki alichoandikiwa kwa ajili ya magoti yake na kukichanganya kwenye mchuzi, naye huonekana kupata nafuu. Habari za daktari wa mifugo hataki kuzisikia. Miaka ya nyuma mbwa wa jirani aliitiwa daktari, akachomwa sindano na hakuamka, na tangu siku hiyo mama anaamini kwamba daktari huitwa kwa mbwa kwa kazi moja tu.

Kaka yangu yuko Moshi mjini, na ndiye anayebeba sehemu kubwa ya matumizi ya nyumbani. Amesema wazi kwamba hawezi kutumia fedha kwa mbwa wa miaka 13 wakati ana ada za watoto, na kwamba anamfahamu kijana anayeweza "kummaliza" kwa dawa siku mama akiwa kanisani. Mimi hilo nimelikataa. Nilichofikiria ni kumlipa daktari wa mifugo aje siku nitakayompeleka mama hospitali kwa ajili ya magoti; ampime Duma, na akiona hali ni mbaya ampumzishe kabisa, kisha mama tumwambie kwamba alijifia usingizini. Mama ana shinikizo la damu, na ninaogopa kwamba akiambiwa ukweli atakuwa anamzika Mzee kwa mara ya pili.

Daktari, nitajuaje kama huu ni uzee au ni ugonjwa mkubwa? Na je, ni vibaya kumficha mama jambo la namna hii kwa ajili ya afya yake?

Binti wa Marangu

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na wala sioni sababu ya mtu kukuuliza kama huna matatizo mengine. Mbwa aliyelinda nyumba kwa miaka 13 na kumfariji mjane ana haki ya kuulizwa habari zake.

Umeniuliza maswali mawili, nami nayaona yamefungana: hujui Duma anaumwa nini, na tayari unafikiria jinsi ya kumficha mama kifo chake. La pili limelitangulia la kwanza. Kabla sijayagusa yote mawili, kuna jambo moja ambalo naomba umpigie mama simu leo.

Diklofenaki isimame. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni na nyingine za jamii hiyo tunazozinunua kwa ajili ya maungo yetu, huchubua tumbo la mbwa na kupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwa mbwa mzee anayekunywa maji kupita kiasi madhara yake yanaweza kuwa makubwa kwa muda mfupi. Nafuu ambayo mama anaiona ni ya kweli, kwa sababu maumivu hupungua, lakini ndani ya mwili mambo yanaweza kuwa yanaharibika. Mwulize kama kinyesi cha Duma kimewahi kuwa cheusi na chenye kunata. Hiyo ni damu iliyotoka tumboni. Tafadhali usimwambie kwa namna ya kumlaumu, maana alimpa mbwa dawa ileile anayojitibu nayo yeye, na hakuna alichokusudia isipokuwa kumsaidia. Paracetamoli nayo asimpe badala yake bila daktari kusema. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na hata hizo hutolewa baada ya kujua figo ziko katika hali gani.

Sasa tuje kwenye uzee. Mama yako hajakosea kabisa. Ukungu wa buluu machoni, mvi mdomoni, usingizi mzito, kusikia kwa shida na kuchelewa kuinuka asubuhi ni mambo ambayo mbwa wa umri huo huwa nayo, na mengi hayahitaji tiba. Lakini uzee peke yake haumkondeshi mbwa mpaka pingili zihesabike, haumfanyi amalize sufuria ya maji kabla ya mchana, na haukuzi uvimbe kutoka harage hadi ndimu ndani ya mwaka. Katika miaka yangu ya kazi, maneno "ni uzee tu" ndiyo niliyoyasikia mara nyingi kabla ya kumpima mnyama na kukuta ugonjwa wenye jina, na mara nyingine wenye dawa. Kinachotupoteza ni kwamba mbwa halalamiki. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi halii wala habweki. Hulala zaidi, huchagua chakula, hutafuna upande mmoja, huacha kupokea wageni. Umeniandikia yote hayo bila kuyaita maumivu.

Siwezi kumpima kwa barua, lakini naweza kukueleza kinachopita kichwani mwa daktari akisikia habari kama hizi.

Kiu na mkojo mwingi humpeleka kwanza kwenye figo. Mbwa huanza kunywa na kukojoa kupita kawaida pale ambapo takriban theluthi mbili za uwezo wa figo zimekwisha kupotea, na ndiyo maana ugonjwa huu huonekana kama umeanza ghafla ilhali umekuwa ukijengeka taratibu. Kukonda, kukataa chakula na harufu ya mdomo vinaendana nao, ingawa harufu inaweza pia kutoka kwenye jino bovu. Figo zilizochakaa hazirudi zilivyokuwa. Hata hivyo, mbwa wengi huongezewa muda wenye nafuu kwa dripu, kwa dawa za kutuliza kichefuchefu na kwa kubadilishiwa chakula, ikiwa ni pamoja na kupunguziwa mifupa na dagaa, ambavyo vina fosforasi nyingi. Kisukari nacho huleta kiu, mkojo na kukonda. Hicho hutibiwa kwa sindano za insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku kila siku, kwa hiyo ni lazima mjiulize nani atazichoma na dawa itahifadhiwa wapi.

Kisha kuna jambo lililonifanya nisiiweke barua yako kando. Duma hajafungwa kizazi, alipata joto mwishoni mwa Februari, na wiki chache baadaye ukamkuta ana kiu, hataki chakula, na tumbo linaning'inia. Kwa mbwa jike mtu mzima, kati ya wiki mbili na miezi miwili hivi baada ya joto ndicho kipindi ambacho mfuko wa uzazi hupenda kujaa usaha. Wengine hutoka uchafu ukeni, nao hujulikana mapema kwa sababu hujilamba na kunuka. Kwa wengine mlango wa kizazi hufunga, usaha hubaki ndani, sumu ya bakteria huingia kwenye damu na kuzisumbua figo, na mbwa anaweza kufa kwa siku chache. Tiba yake ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa kizazi. Usingizi wa dawa kwa mbwa wa miaka 13 aliyedhoofika una hatari yake, lakini mbwa wazee hupasuliwa na kupona, na hili ni mojawapo ya magonjwa machache makubwa ya uzeeni yanayoweza kwisha kabisa. Sisemi kwamba ndilo alilonalo. Kukonda kwake kumechukua muda, jambo linaloelekeza kwingine. Nasema tu kwamba ni jambo ambalo halipaswi kupitwa kwa kudhaniwa ni uzee.

Uvimbe wa titi ni habari ya tatu, na unaweza kuwapo pamoja na hayo mengine. Kwa mbwa jike ambaye hakufungwa kizazi uvimbe wa aina hii ni wa kawaida, na takriban nusu yake huwa ni saratani. Kukua haraka, kuwa mgumu, kushikamana na nyama ya chini na kuchanika ngozi ni dalili mbaya. Saratani hiyo hupenda kwenda kwenye mapafu, kwa hiyo daktari atapenda kusikiliza kifua na, ikiwezekana, kupiga picha ya eksirei kabla ya kuzungumzia upasuaji. Na kama Duma ameanza kukohoa, mama amwambie daktari.

Swali la chanjo lazima niulize, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo katika nchi yetu na hakichagui umri. Kadi ya chanjo iko wapi, na mara ya mwisho alichanjwa lini? Mabadiliko ya Duma yamekwenda kwa miezi, na mbwa mwenye kichaa kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi hivi tangu dalili zianze, kwa hiyo hilo si la kwanza katika mawazo yangu. Lakini akianza ghafla kutokwa mate mengi, kubadilika sauti, kushindwa kumeza au kung'ata bila sababu, mtu yeyote asimtie mkono mdomoni, hata kwa nia ya kuangalia kama amekwamwa na mfupa. Aliyeng'atwa au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Yapo mambo ambayo mama anaweza kuyaangalia bila kumwita mtu, na nadhani yatamsaidia yeye mwenyewe kuona. Apime maji: kopo la lita moja, na aandike anajaza mara ngapi kutoka asubuhi hadi asubuhi. Mbwa wa kilo 20 akipita lita mbili kwa siku, hiyo si kiu ya kawaida. Amtazame Duma akiwa amelala fofofo na ahesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja. Ikizidi 30, na ikaendelea hivyo kila anapohesabu, moyo au mapafu yana shida. Ainue mdomo wa juu aangalie ufizi, ambao unapaswa kuwa wa waridi, kisha aubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe na kuachia: rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka ni dalili ya upungufu wa damu, iwe ni kwa kupe, kwa tumbo linalovuja au kwa uvimbe wa bandama uliopasuka. Haya yote mama aliyelea mbuzi na watoto anayaweza.

Nimekuja hapo kwa makusudi, kwa sababu nataka kukuuliza jambo kuhusu mama. Unasema hataki kusikia habari za daktari wa mifugo, na umelichukua hilo kama kutokuwa tayari kwa ukweli. Je, inawezekana anachokataa si ukweli bali ni mbwa kuuawa bila yeye kuulizwa? Aliona daktari wa mifugo mara moja, kwa jirani, na mara hiyo mnyama hakuamka. Hakuna aliyemweleza kwamba daktari huyohuyo angeweza kuja, akachukua damu na mkojo, akaondoka, na Duma akabaki kwenye gunia lake. Huenda ukimwahidi kwamba siku hiyo hakutakuwa na sindano ya mwisho, na daktari naye akaahidi mbele yake, akakubali. Ahadi hiyo ina gharama: kama daktari atakuta mateso makubwa, mtakuwa mmejifunga kwa siku moja au mbili za mazungumzo wakati mnyama anaumia. Lakini maumivu ya siku mbili yanaweza kutulizwa kwa dawa sahihi, na uaminifu wa mama kwako sijui utautuliza kwa nini ukivunjika.

Mpango wako wa kumpeleka mama hospitali ili daktari amkute Duma peke yake ninauelewa. Umetoka kwenye upendo, na inawezekana ukafanikiwa bila mama kujua. Hata hivyo, fikiria kijiji chenu. Gari la daktari litaonekana likiingia, jirani atauliza, kaka yako atasema neno siku fulani, na shimo jipya migombani litaonekana mama akirudi. Shinikizo la damu ni jambo la kweli na usilidharau. Uliza daktari wake jinsi ya kumweleza habari nzito, na hakikisha hayupo peke yake siku hiyo. Lakini mama huyu alimuuguza mumewe na kumzika. Hakuna hakika kwamba kumbukumbu ya Mzee itamuumiza zaidi akiwa ameshika kichwa cha Duma kuliko akirudi na kukuta kibaraza kitupu. Wapo wanaopata amani kwa kuwapo, na wapo wasioweza kuangalia, na wewe bado hujamuuliza yeye ni yupi.

Kuhusu kaka yako, naomba umsikilize katika la ada. Fedha ni jambo halali, na si dhambi familia kusema kwamba upasuaji hauwezekani. Muulizeni daktari tangu mwanzo: uchunguzi peke yake ni kiasi gani, kila tiba ni kiasi gani, na kipi kinaweza kuachwa. Huenda mtajikuta mnachagua kumtunza tu, kwa dawa ya maumivu ya mbwa, chakula laini, maji ya kutosha na gunia kavu, mpaka mwisho wake. Hiyo nayo ni njia ya heshima ikiwa kuna mtu anayeangalia kwamba hateseki.

Lakini sumu si njia rahisi ya kufikia jambo lilelile. Nimeitwa kwenye nyumba ambako ilitumika. Mbwa hukakamaa, hutetemeka, huhangaika kwa muda mrefu akiwa na fahamu, na kuku au paka anayedonoa matapishi yake naye hufa. Ni ukatili ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 iliwekwa kuuzuia. Daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari hufanya tofauti kabisa: humpa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kwenye mshipa, mnyama hupoteza fahamu katika muda wa sekunde na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho yanaweza kubaki wazi, na anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baada ya kufa. Mwelezeni mama mapema ili asidhani kwamba ameumia. Dawa hiyo hubaki mwilini, kwa hiyo azikwe chini sana, mahali ambapo mbwa wengine hawawezi kufukua.

Kama mtafika huko, na lini, ni juu yenu. Wengine huangalia kama mbwa bado anakula kwa hamu, anasimama mwenyewe kwenda kujisaidia, na anamtambua mtu wake kwa furaha, na wanaandika kila jioni kama siku ilikuwa njema au mbaya, mpaka daftari lenyewe liwaonyeshe. Mwachie mama daftari hilo. Yeye ndiye anayekaa na Duma.

Ukimpigia simu leo kuhusu vidonge, mwambie pia aangalie nyuma ya mkia kama kuna usaha au damu, na ashike tumbo kama limekaza. Akikuta chochote kati ya hivyo, au Duma akianza kutapika, asisubiri ufike kutoka Dar es Salaam. Afisa mifugo wa kata aitwe, na kaka yako aombwe gari la kuwafikisha mjini kwa daktari anayeweza kupasua. Msalimie mama sana, na mniandikie mkishapata majibu ya damu.